Neno, Athari na Hatia: Dhamana ya Mtafiti wa Matangazo ya RTLM

Kwa muda mrefu utafiti wa kitaaluma kuhusu vyombo vya habari umetawaliwa na swali moja: neno lililochapishwa au kutangazwa lina nguvu kiasi gani juu ya yule anayelipokea? Swali hilo lilizaliwa vitani. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, Harold Lasswell aliichunguza propaganda ya mataifa yaliyokuwa yamepigana, na kitabu alichokitoa mwaka wa 1927 kiliwaacha wasomaji wengi na picha ya hadhira dhaifu inayoweza kuelekezwa popote na mwenye mtambo wa kupigia chapa. Miaka kumi na saba baadaye picha hiyo ilipinduliwa. Paul Lazarsfeld na wenzake, ambao walikuwa wamewafuata wapiga kura wa wilaya ya Erie katika jimbo la Ohio wakati wa uchaguzi wa rais wa 1940, waligundua kwamba magazeti na redio havikuwabadilisha watu maoni kwa kiasi kilichodhaniwa. Aghalabu mtu alimsikiliza jirani, jamaa au mwenzake wa kazini, na huyo ndiye aliyekuwa ameisikiliza redio. Tangu hapo mizani imekuwa ikipanda na kushuka. Wako wanaoshikilia kwamba nguvu za vyombo vya habari ni nyingi, na wako wanaoshikilia kwamba ni haba, lakini pande zote mbili zinapima kitu kile kile, yaani athari.

Hapana ubaya katika kupima athari. Tatizo huzuka pale ambapo matokeo ya kipimo hicho yanachukuliwa kuwa ndiyo hukumu ya kimaadili juu ya msemaji: athari ikiwa kubwa, hatia ni kubwa, athari ikiwa ndogo, msemaji amepona. Fikira hii haitamkwi waziwazi mara nyingi, ila imejificha katika mijadala mingi ya kitaaluma, na mahali inapojitokeza vizuri zaidi ni katika utafiti uliofanywa juu ya redio ya Rwanda iliyojulikana kwa kifupi kama RTLM. Kisa hicho kinamhusu mhakiki wa fasihi kuliko anavyoweza kudhani. Takwimu, sheria na usomaji wa matini vilikutana hapo juu ya kanda zile zile, na mahakama iliyozisikiliza iliketi Arusha.

Radio Télévision Libre des Mille Collines iliundwa kama kampuni ya watu binafsi mwezi wa Aprili 1993 na ikaanza kutangaza Julai mwaka huo. Haikufanana na redio ya serikali ambayo Wanyarwanda walikuwa wameizoea. Lugha yake ilikuwa ya mitaani. Watangazaji wake walitaniana hewani, walipiga muziki wa Zaire na kusengenya wakubwa. Baada ya ndege ya Rais Juvénal Habyarimana kutunguliwa usiku wa tarehe 6 Aprili 1994, sauti zile zile zilizozoeleka kwa mizaha zilianza kutaja majina ya watu na mahali walipokuwa, zikawapongeza waliosimama kwenye vizuizi vya barabarani, na katika tangazo la tarehe 4 Juni mtangazaji mmoja aliwaelekeza wasikilizaji wamtambue adui kwa kutazama kimo chake na umbo la pua yake. Katika siku zipatazo mia moja waliuawa watu wanaokadiriwa mara nyingi kuwa laki nane, wengi wao Watutsi, pamoja na Wahutu waliopinga au waliokataa kushiriki.

Picha iliyoenea duniani baadaye ilikuwa rahisi mno: redio iliyowageuza wakulima kuwa wauaji. Scott Straus, mwanasayansi wa siasa wa Marekani, aliihoji picha hiyo katika makala ya mwaka wa 2007. Alikuwa amezungumza magerezani na watu zaidi ya 200 waliohukumiwa kwa kushiriki mauaji na kukiri. Aliuliza mambo ya kawaida ambayo wengi hawakuwa wamejisumbua kuyauliza. Mawimbi ya RTLM yalifika wapi? Mauaji yalianza lini katika kila eneo, na je, tarehe hizo zinalingana na ramani ya mawimbi? Wauaji wenyewe wanasema waliingiaje? Majibu yalipunguza ukubwa wa redio. Sehemu kubwa za mashambani hazikuipata vizuri. Mwanzo wa mauaji haukufuata ramani ile. Na wengi wa waliohojiwa walisema waliingizwa na watu waliofika mlangoni, kiongozi wa mtaa, askari, au kundi lililopita nyumba kwa nyumba. Straus hakusema kwamba redio haikufanya lolote. Alionyesha kwamba ilichochea visa fulani na kuwatia nguvu waliokuwa wakali tayari, lakini kwamba peke yake haitoshi kuyaeleza yaliyotokea.

Mwaka wa 2014 mwanauchumi David Yanagizawa-Drott alifika kwenye swali lile lile kwa njia nyingine. Rwanda ni nchi ya vilima, na kilima huziba mawimbi: kijiji kimoja kinaisikia redio vizuri na jirani yake, aliye nyuma ya mgongo wa kilima, haisikii. Tofauti hiyo haikupangwa na mtu. Kwa kuilinganisha na idadi ya watu walioshtakiwa baadaye katika mahakama za gacaca, alikadiria kwamba takriban asilimia 10 ya ushiriki katika mauaji, watu wapatao 50,000, ilitokana na matangazo ya RTLM, na kwamba kwa upande wa makundi yaliyojipanga athari ilivuka hata mipaka ya vijiji vilivyoyapata mawimbi. Jina la redio hiyo lilimaanisha vilima elfu, na ni vilima hivyo vilivyokuja kutumika kuupimia uovu wake.

Kati ya tafiti hizi mbili inafaa kuikumbuka ya tatu, ambayo wahakiki wa fasihi simulizi wataielewa haraka zaidi. Darryl Li, katika makala ya 2004, alikiacha kando kipimo na kuuchunguza usikilizaji wenyewe kama tendo la kijamii. Watu waliisikiliza RTLM wakiwa pamoja, barabarani na vilabuni. Walirudia vichekesho vyake na kuimba nyimbo zake, wakabishana juu ya yaliyosemwa. Redio iliwapa wauaji ratiba na mdundo wa siku, ikayafanya mauaji yawe kama kazi ya kawaida inayoanza asubuhi na kwisha jioni. Katika maelezo hayo hadhira si chombo tupu kinachojazwa. Ni washiriki wa utendaji, kama wanavyokuwa wasikilizaji wa ngano wanaoitikia wimbo wa fanani.

Sasa na ichukuliwe ile asilimia 10. Mtu anayetaka kumhukumu mtangazaji ataitumiaje? Kama utafiti mwingine ungeipunguza hadi asilimia mbili, je, aliyetaja hewani mahali walipojificha watu angekuwa amepunguziwa hatia mara tano? Na kama vilima vya Rwanda vingekuwa virefu zaidi, mawimbi yakazibwa kabisa, je, angekuwa hana hatia yoyote, ilhali alikaa mbele ya kipaza sauti kile kile na kutamka maneno yale yale kwa nia ile ile? Mwenye busara atalikataa wazo hilo mara moja, lakini kukataa peke yake hakutoshi. Sharti ielezwe ni kitu gani basi kinachohukumiwa, ikiwa athari sicho.

Msaada unapatikana katika mihadhara ya J. L. Austin iliyotolewa Harvard mwaka wa 1955 na kuchapishwa baada ya kifo chake mwaka wa 1962. Austin alitenganisha kile ambacho mtu anatenda katika kusema na kile kinachotokea kwa sababu amesema. Anayeahidi ametoa ahadi papo hapo, hata asipoaminiwa. Anayeamuru ameamuru, hata asipotiiwa. Kumshawishi mtu, kumtisha akatishika, kumfanya achukue panga, hayo ni matokeo na yanategemea mambo mengi nje ya msemaji. Kuchochea kuko upande wa kwanza. Ni tendo uneni linalokamilika katika utamkaji wake, mradi masharti yake yametimia: msemaji mwenye nafasi ya kusikilizwa, hadhira inayoielewa lugha yake, na hali ambamo linaloombwa linaweza kutendwa. Wasomaji wa Kiswahili hawahitaji kwenda Oxford kulipata wazo hili, kwani katika lugha yao mtu husema kwamba pana neno akimaanisha kwamba pana jambo. Kinyarwanda kimeshika ncha ya pili ya kamba hiyo hiyo: ndani yake *ijambo* ni neno, hotuba, kauli.

Sheria ilikuwa imefika hapo mapema. Mkataba wa 1948 kuhusu mauaji ya kimbari unataja uchochezi wa moja kwa moja na wa hadharani kama kosa linalojitegemea, na mahakama ya Arusha, katika hukumu ya Jean-Paul Akayesu ya Septemba 1998, ilieleza kwamba kosa hilo limekamilika hata kama uchochezi haukuzaa matunda. Kabla ya hapo, majaji wa Nuremberg mwaka wa 1946 walimpa mchapishaji wa gazeti, Julius Streicher, adhabu ya kifo, na siku hiyo hiyo wakamwachilia mtangazaji wa redio Hans Fritzsche. Fritzsche ndiye aliyekuwa na hadhira kubwa. Kama hatia ingekwenda kwa wingi wa masikio, matokeo yangegeuka. Majaji walitazama kile ambacho kila mmoja wao alitenda katika kusema na nia aliyokuwa nayo, wakaona kwamba ya Fritzsche haikuthibitika kuwa nia ya kuwachochea Wajerumani watende ukatili.

Ikiwa hivyo ndivyo, mzigo unahama. Unatoka mabegani mwa anayehesabu na kuwekwa mabegani mwa anayesoma. Kuamua kwamba usemi fulani ni uchochezi ni kuufasiri, na kufasiri ndiyo kazi ambayo idara za fasihi zinadai kuifundisha.

Kesi ya Akayesu inaonyesha uzito wa mzigo huo. Akayesu alikuwa meya wa Taba. Tarehe 19 Aprili 1994, mahali paitwapo Gishyeshye, aliwahutubia watu akawataka waungane dhidi ya Inkotanyi. Kikamusi, Inkotanyi lilikuwa jina ambalo wapiganaji wa RPF walijiita wenyewe, lililorithiwa kutoka kwa kikosi cha kifalme cha karne ya kumi na tisa. Meya anayewataka raia wawapinge wapiganaji wa adui wakati wa vita hajatamka jambo la ajabu. Swali likawa: watu waliokusanyika pale walisikia nini? Mwanaisimu Mathias Ruzindana alieleza mahakamani kwamba maana ya neno kama Inkotanyi au Inyenzi, ambalo kwa kawaida ni mende, ni lazima ipimwe kwa wakati, mahali, msemaji na msikilizaji. Mahakama ikakubali kwamba katika siku ile na mbele ya umati ule wito huo ulieleweka kuwa wito wa kuwaua Watutsi, na ikaweka kanuni kwamba unyoofu wa uchochezi utazamwe katika mwanga wa utamaduni na lugha. Kanuni ambayo kila mwanafunzi wa isimujamii huinakili daftarini katika muhula wake wa kwanza ilikuwa imekuwa sheria ya kimataifa.

Kesi ya wanahabari, iliyomalizika katika ngazi ya kwanza tarehe 3 Desemba 2003, ilikwenda mbali zaidi. Washtakiwa walikuwa Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza wa RTLM, na Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura. Majaji chini ya Navanethem Pillay walifanya kazi ambayo ni vigumu kuiita kwa jina jingine isipokuwa uhakiki. Walilichukua tangazo la Desemba 1993 ambamo Barayagwiza alisimulia ubaguzi alioupata utotoni kwa kuwa Mhutu, wakaliona kuwa masimulizi ya nafsi yenye kugusa moyo, yanayozindua fikira juu ya historia ya dhuluma. Hilo halikuwa kosa. Wakaliweka kando ya tangazo lililodai kwamba Watutsi ndio wenye fedha zote. Mada ilikuwa ile ile, yaani ukosefu wa usawa kati ya makabila. Lakini hapa hapakuwa na msimulizi aliyeishi jambo wala muktadha wa kulieleza, bali jumuiya nzima iliyotupiwa kidole kwa sauti ya kejeli. Tofauti waliyoiona ni ya toni, ya nafasi ya msimulizi, ya namna hadhira inavyoalikwa kukaa mbele ya habari. Hakuna kamusi inayoweza kuitaja. Na majaji wa rufani, tarehe 28 Novemba 2007, wakaukata mstari mahali pengine tena: matangazo ya RTLM ya kabla ya tarehe 6 Aprili 1994, walisema, yalichochea chuki ya kikabila, lakini haikuthibitika kwamba yalikuwa uchochezi wa moja kwa moja wa mauaji ya kimbari. Yaliyofuata tarehe hiyo yalikuwa uchochezi huo.

Mwanamuziki Simon Bikindi aliwapa majaji mtihani mgumu kuliko huo. Nyimbo zake zilipigwa mno na RTLM. Wataalamu wa pande zote mbili waliitwa Arusha kuzifafanua, mstari baada ya mstari, wakapingana. Katika hukumu ya tarehe 2 Desemba 2008 mahakama ilikubali kwamba nyimbo hizo ziliwachora Watutsi kuwa adui, lakini zilikuwa zimetungwa kabla ya 1994, na haikuthibitika kwamba alizitunga kwa nia ya kuchochea mauaji wala kwamba alihusika kuzipeleka hewani wakati wa mauaji. Alifungwa miaka 15 kwa maneno aliyoyasema kwa kipaza sauti akiwa njiani mwezi wa Juni 1994. Msanii akahukumiwa kwa hotuba ya barabarani, nao wimbo ukabaki juu ya meza bila kuhukumiwa.

Inavutia kufikiri hapa juu ya insha maarufu ya Roland Barthes ya 1967 kuhusu kifo cha mwandishi, ambayo imefundishwa katika idara nyingi za fasihi za Afrika Mashariki kama ukombozi. Matini haina baba. Maana yake inazaliwa kwa msomaji. Wakili wa mtangazaji angeipokea nadharia hiyo kwa mikono miwili. Ikiwa mende ni mdudu, na kazi ni kazi, na aliyesikia mauaji ndani ya neno *gukora*, yaani kufanya kazi, ameyatia humo yeye mwenyewe, basi hakuna wa kushtakiwa. Mhakiki aliyezoea kuusifu utata kama utajiri wa lugha hana budi kukiri kwamba kuna utata ambao ni maficho, uliochaguliwa kwa sababu wenyeji watauelewa na mgeni hatakuwa na la kuthibitisha. Wenyeji wa pwani wanaijua mbinu hii tangu utotoni kwao. Mwanamke huvaa kanga yenye jina lililokusudiwa jirani, naye jirani akiuliza, huambiwa kwamba hakutajwa na mtu, amejishuku mwenyewe. Mtaa mzima unajua nani kaambiwa nini. Fumbo huishi kwa ujuzi huo wa pamoja, na msemaji wake hujikinga kwa kuukana. Barthes hakuwa akiandika juu ya mafumbo ya namna hii, na si haki kumbebesha lawama. Lakini wanaomfundisha wanaweza kuulizwa nadharia hiyo inamlinda nani pindi inapotoka darasani.

Hata hivyo, mtaa huo huo unajua hatari ya upande wa pili. Yuko mtu anayesikia fumbo katika kila salamu. Mtafiti wa maneno ya chuki anaweza kuwa mtu huyo kwa urahisi mkubwa, kwa kuwa analipwa kusikia.

Kenya ina sababu ya kulitafakari hili kuliko nchi nyingi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 waliuawa watu zaidi ya 1,100, na redio zinazotangaza kwa lugha za mama, ambazo zilikuwa zimeenea tangu mwaka wa 2000, ziliwekwa miongoni mwa watuhumiwa. Joshua arap Sang, mtangazaji wa Kass FM, alishtakiwa katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mjini The Hague, na upande wa mashtaka ulidai, miongoni mwa mengine, kwamba kipindi chake kilipitisha ujumbe wa mafumbo. Aliyakana mashtaka hayo, na tarehe 5 Aprili 2016 kesi ilisitishwa kwa uamuzi wa majaji walio wengi, pasi na hukumu ya kuwa na hatia wala ya kutokuwa nayo. Mhakiki hana la kuongeza juu ya mtu huyo. La kwake ni swali juu ya mbinu: nani alikuwa na sifa ya kusema kwamba usemi fulani wa Kikalenjin ulikuwa fumbo la vita na si picha ya kawaida ya wafugaji au wakulima? Katika majadiliano ya miji mikubwa, lugha yenyewe iligeuzwa mshukiwa, kana kwamba kisichoeleweka Nairobi lazima kiwe kimefichwa.

Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilichukua njia ya mkato mwezi wa Aprili 2022 ilipotoa orodha ya maneno ya chuki. Ndani yake lilikuwamo *madoadoa*, ambalo tangu miaka ya ghasia limetumika kuwataja wanaoonwa kuwa wageni katika eneo, na lilikuwamo pia *sipangwingwi*, neno la wimbo wa vijana lililokuwa limegeuzwa kaulimbiu ya kampeni. La pili lilipelekwa mahakamani na kupingwa. Kosa la orodha ile liko katika umbo lake. Orodha ni kamusi, na kamusi inadhani kwamba uovu unakaa ndani ya neno mahali popote neno linapokwenda. Daktari wa mifugo akitaja madoadoa hajachochea kitu. Na anayetaka kuchochea atapata neno jingine kabla wino wa orodha haujakauka.

Upande wa wanataaluma, makosa huwa ya kistaarabu zaidi na kwa hiyo hukaa muda mrefu. Katika kesi ile ile ya Akayesu mahakama ilielezwa na mtaalamu kwamba Wanyarwanda wengi wanaishi katika mapokeo simulizi, ambamo mtu husimulia tukio bila kutenga alichokiona kwa macho na alichosimuliwa. Dai la namna hii linasikika mara nyingi katika makongamano ya fasihi simulizi, na hapo halimdhuru mtu. Mbele ya majaji lingeweza kuufuta ushahidi wa mjane. Mahakama ilifanya jambo la kawaida ambalo nadharia haikulifanya: iliwasikiliza mashahidi, ikaona kwamba walipoulizwa waziwazi walitenganisha vizuri kabisa walichokiona na walichosikia.

Liko pia suala la tafsiri, ambalo watafiti hulitaja katika utangulizi na kulisahau sura inayofuata. Kanda za RTLM ziko kwa Kinyarwanda kwa sehemu kubwa. Zilitafsiriwa kwa Kifaransa na Kiingereza kwa mahitaji ya kesi, na vitabu vingi vimejengwa juu ya tafsiri hizo na watu ambao hawaijui lugha ya kanda. Toni ile iliyotofautisha tangazo moja na jingine, kicheko cha mtangazaji, upole wa kejeli, namna neno *gukora* linavyovutwa au kukatwa, hivyo havipiti vyote kwenye karatasi. Anayehesabu mawimbi anaweza kuishi na upungufu huo, kwa sababu ramani yake haihitaji toni. Anayesema hapa pana uchochezi na hapa hapana hawezi, na akinyamaza juu ya kile ambacho masikio yake hayakukipata atakuwa amejipa mamlaka ya shahidi pasipo kuwa shahidi.

Jambo moja katika kesi ya wanahabari linastahili kusomwa polepole na mtu yeyote anayefanya kazi chuoni. Nahimana alikuwa mmoja wao. Alikuwa mwanahistoria, mwenye shahada ya uzamifu kutoka Paris, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Kitaifa cha Rwanda, mtafiti wa falme za Wahutu wa kaskazini. Aliwahi kuiongoza idara ya habari ya serikali, akaondolewa baada ya redio ya taifa kutangaza, mwezi wa Machi 1992, taarifa iliyofuatwa na mauaji huko Bugesera. Mwaka uliofuata alikuwa miongoni mwa waasisi wa RTLM. Alijua, kwa hiyo, kutokana na taaluma yake na kutokana na tukio, kile ambacho taarifa ya redio inaweza kutenda. Katika rufani sehemu kubwa ya mashtaka dhidi yake ilianguka, na kifungo cha maisha kikapunguzwa hadi miaka 30. Kilichobaki kilisimama juu ya wajibu wake kama mkuu wa watangazaji baada ya tarehe 6 Aprili: kwamba aliweza kuwazuia na hakuwazuia. Uwezo huo ulithibitishwa kwa kisa kimoja. RTLM ilikuwa ikimshambulia hewani Jenerali Roméo Dallaire na kikosi cha Umoja wa Mataifa. Mwishoni mwa Juni au mwanzoni mwa Julai 1994, baada ya kuombwa, Nahimana aliingilia kati, na mashambulizi dhidi ya jenerali na kikosi chake yakakoma. Matangazo dhidi ya Watutsi yaliendelea hadi redio ilipozimwa mwezi huo wa Julai.